Winchi ya ufukweni: saa moja kila mwezi mkubwa inaokoa mashua na mikono ya watu



Asubuhi moja ya msimu wa mvua, katika kijiji kimoja kando ya ziwa Tanganyika, kusini ya Baraka, watu 8 walikuwa wanavuta mashua ya koperative yao nchi kavu. Mashua ile ilikuwa imeondoka usiku kwenda soko la Uvira, dhoruba ikairudisha njiani. Ndani mlikuwa na magunia 14 ya muhogo mkavu. Mvua ilikuwa inakaribia tena, na watu walikuwa wamechoka. Wakasema: tusipakue kwanza, winchi itavuta yote pamoja.

Winchi ikavuta kweli. Kamba ya chuma ilikuwa inajikunja, mashua inapanda pole pole juu ya magogo. Zilipobaki hatua kama 6, papa aliyekuwa anazungusha akaachia mkono wa winchi ili apanguse maji machoni. Alikuwa amefanya hivyo muda wa miaka 2 bila shida, kwa sababu winchi yao ina breki. Siku hiyo breki haikushika. Mkono wa chuma ulianza kuzunguka kinyume kwa kasi, ukampiga chini ya kiwiko, mfupa ukavunjika. Mashua iliteremka yenyewe mpaka majini, ikalala ubavu, na magunia yote yakaloa. Mtoto mmoja aliyekuwa amekaa kwenye gogo, nyuma kabisa ya mashua, aliruka pembeni. Angechelewa kidogo, leo tungekuwa tunaandika habari nyingine.

Tulipofika kijijini siku chache baadaye, kamati ilikuwa inakaa chini ya mwembe. Shauri lilikuwa moja: nani atalipa? Vidole vyote vilikuwa vinamwonyesha kijana mmoja ambaye juma lililopita alikuwa amefungua winchi na kuitia gresi. Yeye hakukana. Alisema hivi: "Nilisikia chuma inalia, nikasema niisaidie. Nilitia gresi fasi yote. Hakuna mtu alinifundisha kama breki haitaki mafuta."

Wengine walitaka alipe magunia 14. Mama kesie akauliza swali ambalo lilinyamazisha watu: "Miaka mbili hii, nani kati yetu aliwahi kuifungua hata mara moja?" Hakuna aliyejibu.

Tumeandika makala hii kwa sababu ya swali lile. Koperative nyingi za pwani ya ziwa letu zina winchi ya mkono, ile ambayo wengi tunaiita treuil. Tunaitumia kila safari, lakini ni wachache wanaojua ndani yake mna nini. Tulikaa siku nzima na fundi wa mashua na mota aliyeitwa kutoka Baraka, akaifungua mbele yetu sote. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Mzigo haulali

Jambo la kwanza ni hili: mashua iliyo kwenye mteremko inavuta kamba wakati wote. Wewe unapumzika, yenyewe haipumziki. Kwa hiyo kuvuta ni nusu tu ya kazi ya winchi. Nusu nyingine, tena ndiyo ya hatari, ni kushikilia wakati mkono wa mtu umeachia, na kuteremsha pole pole.

Huko Ulaya na Marekani watu wenye mashua ndogo za tanga wana winchi za namna hii hii. Wanazitumia kuvuta mashua juu ya trela. Mashua nyingine zina mkuku mzito wa chuma chini, ambao unazuia zisipinduke na zisisukumwe ubavu na upepo. Wakifika penye kina kidogo wanauinua mkuku kwa winchi, wakirudi penye kina kirefu wanaushusha. Ule mkuku unaning'inia kwenye kamba saa zote. Ndiyo maana wenye ujuzi wanataka winchi yenye breki kwa kazi hiyo. Shida yao na yetu ni moja: uzito usiochoka, na kamba moja inayoushika.

Aina mbili za winchi

Kabla ya yote, mjue ninyi mna winchi ya aina gani.

Aina ya kwanza ni winchi ya ulimi. Ina gurudumu lenye meno ya mshazari na kipande kidogo cha chuma, tukiite ulimi, kinachoangukia kati ya meno. Unapovuta, ulimi unaruka jino baada ya jino: ta, ta, ta. Ukiacha, ulimi unakwama kwenye jino na mzigo unabaki pale pale. Lakini ili uteremshe mzigo lazima uinue ulimi, na kuanzia hapo hakuna kitu kinachoshika isipokuwa mikono yako. Mkono wa winchi ukikuponyoka, utazunguka kinyume mpaka mzigo ufike chini. Usijaribu kuudaka. Ruka nyuma, acha mashua iende.

Aina ya pili ni winchi ya breki. Nayo ina ulimi na gurudumu la meno, lakini gurudumu lile limebanwa kati ya diski mbili za breki. Mhimili wa mkono umechongwa nyuzi kama buloni. Unapozungusha kuvuta, nyuzi zinakaza diski juu ya gurudumu na vyote vinazunguka pamoja. Ukiachia, mzigo wenyewe unavuta nyuzi na kukaza diski zaidi, ulimi unazuia gurudumu, na mashua inasimama. Ili uteremshe, unazungusha kinyume: diski zinalegea kidogo, mzigo unashuka kidogo, kisha zinabana tena. Kwa ufupi, uzito wa mashua ndio unaobana breki.

Unaweza kuzitofautisha kwa masikio. Winchi ya breki inalia ta-ta-ta unapovuta, lakini inanyamaza unapoteremsha, na huhitaji kuinua ulimi. Kama unavuta na husikii mlio wowote, simama hapo hapo. Ulimi umenasa au resori yake imekatika.

Angalizo moja: breki ya namna hii inahitaji mzigo ili iume. Kamba ikiwa tupu, bila kitu cha kuivuta, diski zinaweza kulegea. Msiitegemee mpaka kamba iwe imekazika.

Kwa jirani zetu wa pale kijijini, fundi alitoa diski mbili, akazipangusa kwa kitambaa cheupe na kuzungusha kitambaa kwa kila mtu akione. Kilikuwa cheusi, kinateleza. Diski zinashika kwa sababu zinasuguana. Zikipakwa gresi hazisuguani tena, zinateleza. Siku za kwanza zilishika kwa shida, kwa sababu mashua ilikuwa tupu. Siku ya magunia 14 zilishindwa.

Nguvu ya winchi inahesabiwaje

Wengi wetu tunafikiri winchi ikiandikwa kilo 600, basi inavuta kilo 600 siku zote. Sivyo.

Tuchukue mfano. Mkono wa winchi una urefu wa sentimita 30. Ngoma, yaani pale kamba inapojikunja, kutoka katikati mpaka kwenye kamba ni sentimita 3. Hapo nguvu ya mtu inazidishwa mara 10. Gia ndogo inazunguka mara 4 ili gia kubwa izunguke mara 1, kwa hiyo inazidishwa tena mara 4. Jumla ni mara 40. Mtu akisukuma kwa nguvu ya kilo 15, kamba inavuta kama kilo 600, ukiacha ile inayopotea kwenye msuguano wa gia.

Sasa ngoma ikijaa kamba, safu juu ya safu, ile sentimita 3 inakuwa sentimita 6. Nguvu inagawanyika nusu: kilo 300 tu. Ndiyo maana mashua inakuwa nzito zaidi inapokaribia mwisho, na watu wanaanza kuongeza bomba kwenye mkono wa winchi ili wapate nguvu. Msifanye hivyo. Bomba linavunja meno ya gia.

Na ufuko wenu unadai kiasi gani? Mashua ya kilo 1,000 kwenye mteremko unaopanda mita 1 kwa kila mita 5 inavuta kamba kwa kilo 200 hivi, hata ikiwa juu ya magogo mazuri yanayobingirika. Ikiburutwa juu ya mchanga mtupu, msuguano unaongeza mamia ya kilo nyingine. Kwa hiyo:

Kwanza, pakueni mzigo kabla ya kuvuta. Kila mara, hata mvua ikinyesha.

Pili, wekeni magogo ya mviringo juu ya mbao, msivute juu ya mchanga.

Tatu, kama bado ni nzito, fungeni puli kwenye mashua. Kamba itoke kwenye winchi, ipite kwenye puli, irudi ifungwe kwenye mti karibu na winchi. Nguvu inakaribia kuwa mara 2, na mwendo unapungua nusu. Hata safu za kamba kwenye ngoma zinapungua.

Kazi ya kila mwezi mkubwa

Ninyi mnaokaa na wavuvi wa ndagala mnajua: mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti samaki, na mitumbwi inapumzika. Fundi alituambia tusitafute tarehe nyingine. Mwezi mkubwa ukiingia, saa moja ni ya winchi. Mashua iwe imefungwa kwenye mti kwa kamba nyingine, winchi isiwe na mzigo hata kidogo.

1. Ondoeni mchanga. Ziwa letu si la chumvi, kwa hiyo chuma hakiliwi haraka kama baharini, lakini mchanga ni adui mkubwa zaidi. Ukiingia kwenye gresi unakuwa kama msasa na unakula meno ya gia. Tumieni brosi kavu, kisha kitambaa chenye mafuta ya taa au mazutu kidogo kwenye gia. Msikaribie diski na kitambaa hicho, na pasiwe na mtu anayevuta sigara karibu.

2. Angalieni ulimi. Uinueni kwa kidole na kuuachia. Urudi wenyewe kwa nguvu ya resori. Ukirudi kivivu, umeshikwa na uchafu au resori imechoka. Ncha yake na meno ya gurudumu yawe na kona kali. Yakiwa ya mviringo kama meno ya mzee, yatateleza siku moja.

3. Tikiseni mihimili. Shika mkono wa winchi, usukume juu na chini. Ukicheza sana, bushi zimelika. Bushi zikilika, gia zinakaa upande na meno yanashikana kwenye ncha tu.

4. Kazeni buloni zote, hasa zile zinazoshika winchi kwenye nguzo. Chini ya kila ekru pawe na rondele. Angalieni pia nguzo yenyewe. Choma kisu kwenye mti pale unapoingia ardhini. Kikizama kama kwenye ndizi, nguzo imeoza. Mwaka 2021 na tena mwaka 2024 maji ya ziwa yalipanda sana na kula fukwe nyingi. Kama ninyi mlihamisha nguzo kwa haraka wakati ule, chunguzeni kama ilizikwa kina cha kutosha.

5. Funueni kamba yote, muiangalie kama tutakavyoeleza hapa chini.

6. Tieni gresi, kisha mfanye jaribio.

Gresi iende wapi, isiende wapi

Gresi inaenda kwenye meno ya gia, kidogo tu, kama siagi nyembamba juu ya mkate. Tone la mafuta ya mota linaenda kwenye bushi na kwenye mhimili wa ngoma. Ulimi unapata tone moja kwenye pini yake, kisha unapanguswa.

Kwenye diski za breki haiendi gresi, haiendi mafuta, haiendi hata kitambaa kilichoguswa na gresi. Kama diski zina kutu kidogo, sugua ile sura ya chuma kwa msasa mkavu. Vumbi la breki usilipulize kwa mdomo wala kulivuta puani. Lipanguse kwa kitambaa chenye maji, kisha acha pakauke. Diski zikiisha kulowa gresi, usifikiri kuziosha kwa sabuni kutatosha. Mafuta yameingia ndani yake. Zibadilishwe zote mbili pamoja.

Swali tuliloulizwa na mama mmoja: "Mawese tunayo mengi, kwa nini tununue gresi?" Ni swali zuri. Mafuta ya mawese yakikaa kwenye hewa na jua yanaganda na kunata kama gundi. Yanashika mchanga na kuufungia ulimi usirudi. Pakeni mawese kwenye mbao ambazo magogo yanapita kama mnataka, lakini kwenye winchi hapana. Na mafuta machafu yaliyotolewa kwenye mota msiyapake kwenye kamba: yanadondoka ziwani, na maji hayo hayo ndiyo tunayochota ya kunywa.

Kamba ya chuma

Vaeni glavu za ngozi. Msipitishe mkono mtupu juu ya kamba, maana waya mmoja uliokatika unachana kiganja. Chukueni kitambaa, kishikeni juu ya kamba na kutembea nayo toka mwanzo mpaka mwisho. Pale kitambaa kinaponasa, pana waya uliokatika.

Kamba itupwe kama: ina nyaya kadhaa zilizokatika mahali pamoja, imejikunja kona kali na hainyooki tena, imevimba na kufunguka kama kitunga, imekuwa nyembamba mahali pamoja, au kutu imeingia kati ya nyaya hata ukiipinda unasikia inakwaruza. Msiifunge fundo. Fundo linaua kamba ya chuma, na pale pale ndipo itakapokatikia.

Kama sehemu mbovu iko karibu na ndoano, mnaweza kukata mita chache na kufunga upya. Fungeni hivi: kamba izunguke kosi, kile kipande cha chuma chenye umbo la tone la maji, kisha wekeni vibano 3. Kila kibano kina upande wa tandiko na upande wa buloni yenye umbo la U. Tandiko likae kwenye kamba ndefu inayovuta mzigo, ile U ikae kwenye mkia mfupi. Ukigeuza, U itaponda kamba inayofanya kazi. Kati ya kibano na kibano acheni nafasi ya mara 6 ya unene wa kamba: kwa kamba ya milimita 6 ni karibu sentimita 4. Baada ya kuvuta mzigo mara ya kwanza, kazeni ekru tena, kwa sababu kamba inasinyaa ikivutwa.

Na kwenye ngoma: mashua ikiwa mbali kabisa, yabaki mazunguko 3 au zaidi ya kamba juu ya ngoma. Ile buloni ndogo inayoshika ncha ya kamba haikutengenezwa kubeba mzigo. Ni yale mazunguko yanayobeba.

Vipi tunaweza kutengeneza wenyewe, vipi tusiguse

Kubadilisha kamba, resori, bushi, buloni na diski za breki ni kazi ya kijijini, kama mna kile mbili, koleo na mtu mvumilivu. Mkifungua, pangeni vipande juu ya gunia safi kwa mpangilio mlivyotoa, kutoka kushoto kwenda kulia. Mwenye simu apige picha kila hatua. Diski ikirudishwa upande usio wake, breki haitauma.

Fremu iliyopasuka inaweza kuchomelewa na fundi mzuri. Lakini msikubali kuchomelea ulimi, gurudumu la meno, gia au ndoano. Chuma chake ni kigumu cha pekee. Moto wa kuchomelea unakiharibu: kinakuwa laini kama risasi au kinavunjika kama kioo, na kwa macho hutaona tofauti. Ndoano iliyofunguka mdomo msiinyooshe kwa nyundo. Itupeni.

Kila mkimaliza kutengeneza, fanyeni jaribio kabla ya kuiamini. Vuteni mashua tupu nusu mita juu ya mteremko, huku gogo kubwa limewekwa nyuma yake kama kizuizi, umbali wa kiganja kimoja. Pakeni alama ya chaki kwenye kamba, pale inapoingia kwenye ngoma. Kisha mwenye kuzungusha alegeze mkono pole pole, asiurushe. Subirini dakika 10. Alama ikisogea hata kidogo, breki haishiki, na winchi haifanyi kazi siku hiyo.

Wakati wa kuvuta

Hata winchi nzima inaweza kuumiza. Kamba iliyokazika ikikatika inarudi kama fimbo, na inarudi kwenye mstari wake. Kwa hiyo asisimame mtu kwenye mstari wa kamba, asiiruke mtu, na watoto wakae mbali kuliko urefu wa kamba iliyotolewa. Tupieni gunia zito lililolowa maji katikati ya kamba. Likikatika litaishusha chini. Mtu mmoja tu ndiye atoe amri. Mwingine afuate nyuma ya mashua, pembeni, akisogeza kigingi kila inapopanda, ili winchi ikishindwa mashua isiende mbali. Na mkono wa winchi usiachiwe kwa sababu ya mvua, jasho wala salamu. Kama unataka kupumzika, sema, kigingi kiwekwe kwanza.

Shauri lilivyoisha

Kamati ile ilikaa mara ya pili jioni. Fundi alikuwa ameeleza kwamba diski mpya, resori na mita 20 za kamba ni makuta kidogo sana ukilinganisha na magunia 14, bila kuhesabu hospitali ya yule papa. Mama kesie akafungua daftari. Muda wa miaka 2 mliandikwa mazutu, mliandikwa ushuru wa soko, ziliandikwa posho za safari. Kwa winchi hamkuwa na mstari hata mmoja. Mzee mmoja akasema maneno ambayo sote tunayajua: mali bila daftari huisha bila habari.

Waliamua mambo manne. Hasara ya magunia ibebwe na koperative yote, kwa sababu uzembe ulikuwa wa wote. Kila gunia linalopanda mashua litoe kiasi kidogo cha franka kwa mfuko wa winchi na mashua, na mfuko huo usikopeshwe mtu. Daftari la winchi lifunguliwe: tarehe, aliyeikagua, kilichoonekana, kilichobadilishwa. Na awepo mtu mmoja mwenye ufunguo wa sanduku la winchi, asipokuwepo haifunguliwi.

Kwa kazi hiyo wengine walitaja majina ya wazee. Aliyesimama akakataa ni yule papa mwenye mkono uliofungwa. Alisema: "Mpeni huyu kijana. Yeye peke yake alisikia chuma inalia. Sisi wengine wote tuliisikia, tukapita."

Tulirudi pale mwezi mkubwa uliofuata. Kijana alikuwa ametandaza gunia chini ya mwembe, vipande vimepangwa toka kushoto kwenda kulia. Pembeni aliweka vitambaa viwili: cheusi cha gia, cheupe cha breki. Cheupe alikuwa amekifunga kwenye mfuko wa plastiki, na watoto walikuwa wameshaambiwa kwamba asikiguse mtu.

*Kwa mazungumzo katika kikundi chenu:* Je, winchi yenu ni ya ulimi au ya breki? Ilifunguliwa mara ya mwisho lini, na nani? Kamba yake ina umri gani? Kama hakuna anayeweza kujibu maswali haya matatu, msingoje mashua iteremke yenyewe. Mwezi mkubwa ujao, anzeni.